Baada ya Kindred, nisome ipi ya Octavia Butler?

Msomaji Mgeni
Salaam, ndugu wasomaji. Nimemaliza Kindred ya Octavia E. Butler, riwaya ya Dana anayenyakuliwa kutoka California ya mwaka 1976 na kujikuta katika shamba la watumwa huko Maryland kila mara maisha ya Rufus, babu yake wa vizazi vya nyuma, yanapokuwa hatarini. Sasa nataka kuingia katika mfululizo wake wa Patternist, lakini naona miaka ya uchapishaji haiendi sambamba na miaka ya kisa: Patternmaster ilitoka kwanza, mwaka 1976, ilhali matukio yake ndiyo ya mwisho. Nifuate mpangilio upi? Na baada ya hapo, ni mwandishi gani mwingine wa bunilizi za kisayansi atakayenifaa?

Kurasa Elfu
Fuata mpangilio wa kisa: Wild Seed (1980), Mind of My Mind (1977), Clay's Ark (1984), ndipo Patternmaster. Patternmaster ni riwaya ya kwanza ya mwandishi, na hilo linaonekana, kwani inakutupa katika dunia inayotawaliwa na watu wenye nguvu za akili bila kukueleza walitoka wapi. Wild Seed inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, pale Doro, ambaye ameishi maelfu ya miaka kwa kuhama kutoka mwili wa mtu mmoja hadi mwingine, anapokutana na Anyanwu, mganga awezaye kujigeuza chui au pomboo. Doro huwazalisha watu wenye vipaji kama mfugaji anavyochagua mbegu ya ng'ombe wake. Kwa kuwa umetoka katika Kindred, utaitambua hoja ileile: mtu aishi vipi na anayemmiliki, ikiwa hawezi kumkimbia bila kuwaponza wengine?

Usihangaike kuitafuta Survivor (1978), riwaya nyingine ya mfululizo huu. Butler mwenyewe hakuipenda na alikataa ichapishwe tena. Kisa kinaeleweka bila hiyo.

Mwenye Shaka
Naomba kutofautiana kidogo. Butler alisema Kindred si bunilizi ya kisayansi kwa sababu haina sayansi yoyote ndani yake, kwa hiyo anayetaka kumwona akiishughulikia biolojia kwa dhati aanze na Dawn (1987). Lilith Iyapo anaamka ndani ya chombo cha Oankali, viumbe waliowaokoa wanadamu wachache baada ya vita vya nyuklia, na anaelezwa kwamba bei ya wokovu huo ni kuchanganya vizazi, hata watoto watakaozaliwa wasiwe wanadamu kamili. Viumbe hao wanatibu hata saratani, na bado ridhaa wanayoiomba ina walakini, kwa kuwa anayeombwa hana pa kwenda. Adulthood Rites (1988) na Imago (1989) zinakamilisha kisa.

Kwa waandishi wengine, soma The Left Hand of Darkness (1969) ya Ursula K. Le Guin, kuhusu mjumbe aliyetumwa kwa watu wasio na jinsia ya kudumu. Nusu ya kwanza inakwenda polepole (niliiweka kando mara mbili), lakini safari ya barafuni inalipa subira yote. Kisha The Fifth Season (2015) ya N. K. Jemisin, ambayo pamoja na vitabu viwili vinavyoifuata ilitwaa Hugo, tuzo kubwa ya bunilizi za kisayansi, miaka 3 mfululizo.

Msomaji Mgeni
Nashukuru nyote. Nitaanza na Wild Seed, kisha Dawn. Na Parable of the Sower je?

Kurasa Elfu
Iache hadi uwe nayo Parable of the Talents (1998) mkononi. Ya kwanza ilichapishwa 1993 lakini inaanza mwaka 2024, nayo ni shajara ya Lauren Olamina, msichana anayehisi maumivu ya kila anayemwona akiumia. Ukiisoma peke yake utamwamini Lauren kupita kiasi. Katika ya pili anazungumza pia binti yake, tena kwa uchungu, na hapo ndipo hukumu yako itakapoanza kuyumba. Cha tatu Butler alikianza mara nyingi, akafariki mwaka 2006 kabla ya kukikamilisha, kwa hiyo usikisubiri.