Kuwait 1990: nchi nzima iliangukaje kwa siku moja?

Kijana_wa_Chuda:
Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Babu yangu alipigana Kagera. Anasema Amin alituvamia Oktoba 1978 na mbio zake zikaishia mtoni. Sasa huyu Saddam wa Iraq aliimezaje Kuwait kati ya alfajiri na jioni? Wenyewe walikuwa na vifaru, ndege za kivita na hela za kumwaga. Mwenye kujua anijuze, ila asiniletee ile ya "walikuwa waoga", hiyo nimeshaisikia jana.

Konda_Mstaafu:
Kuwait ni ndogo kuliko mkoa wako wa Tanga. Dereva akikanyaga mafuta anaimaliza kabla abiria hawajaomba kuchimba dawa.

Fundi_Shuwaikh:
Mwanangu, mie nilikuwepo. Mzaliwa wa Unguja, fundi dizeli, gereji moja pale Shuwaikh kwenye viwanda, mwaka wangu wa tatu. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Agosti, nikasikia mngurumo nikadhani radi. Radi Kuwait mwezi wa Agosti! Nikajicheka, mara vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka.

Kulipopambazuka wenzangu wote walikodolea mizinga ya vifaru. Mie jicho langu likaenda nyuma ya msafara, kwenye malori ya mafuta. Julai nzima mabarazani watu walisema Saddam anatisha tu, anataka asamehewe madeni ya vita vyake na Iran, na ana ugomvi na Kuwait juu ya visima vya mafuta vya Rumaila, pale mpakani. Sasa anayekuja kutisha, dizeli yote ile ya nini? Kifaru chao kimoja cha T-72 kina tani 41 na injini ya silinda 12, na kinakunywa kikienda, kinakunywa kikisimama.

Halafu njia. Kutoka Basra, kusini mwa Iraq, unapita Safwan mpakani, unapanda kilima cha Mutla, unateremkia Jahra, umefika mjini. Barabara pana ya lami, ile Namba 80, mwendo wa kilomita mia na ushei, mto hakuna, msitu hakuna. Babu yako alikuwa na mto Kagera, na daraja la Kyaka askari wa Amin walililipua wenyewe. Sisi kizuizi chetu kilikuwa taa za barabarani, na kifaru hakingoji kijani.

Saa nane mchana lami ilikuwa laini kama halua. Cheni zikaacha meno yake mbele ya gereji yetu, nikawa nayakanyaga kwa kandambili hadi siku naondoka.

Kombania_B:
Mzee Fundi, shikamoo. Naomba niongeze, maana barabara peke yake haitoshi. Walinzi wa Jamhuri, lile jeshi teule la Saddam, hawakuja kwa lami tu. Wakati divisheni ya Hammurabi inashuka Namba 80, makomandoo walikuwa wanateremshwa mjini kwa helikopta, na Kasri la Dasman, makazi ya Amiri, mtawala wa Kuwait, likashambuliwa. Amiri alikwisha vuka kwenda Saudia. Nduguye, Sheikh Fahad, akauawa palepale kasri.

Na kuna waliopigana kweli. Brigedi ya 35 ya Kuwait, na vifaru vyake vya Kiingereza vya Chieftain, iliwakuta Wairaki karibu na Jahra wakiwa kwenye msururu kama malori ya mizani, ikawachapa. Wameishiwa risasi ndipo wakarudi nyuma kuelekea Saudia. Tatizo lilikuwa juu: mazungumzo ya Iraq na Kuwait kule Jeddah yamevunjika tarehe 1, askari wengi wako likizo ya kiangazi, na wakubwa wanaogopa kujiweka tayari wasije wakamchokoza jirani. Jeshi la watu kama 16,000 ukilikuta nusu lipo nyumbani, utalishinda hata kwa njia ya vumbi.

Fundi_Shuwaikh:
Marahaba. Ya Jahra sibishi, mizinga ya upande ule niliisikia kwa masikio yangu. Lakini barabara nabaki nayo. Februari 1991 walipokimbia, walikimbilia ileile Namba 80, na ndege za Marekani na wenzake zikawakuta Mutla wamebanana. Iliyowaleta upesi ndiyo iliyowaponza.

Kijana_wa_Chuda:
Shikamoo mzee. Nashukuru, leo kijiweni nitaongea mimi. Na gereji ilikuwaje?

Fundi_Shuwaikh:
Tajiri wangu alikuwa Cairo tangu Julai, funguo nilibaki nazo mie. Mwisho wa Agosti wakaja askari watano na mkubwa wao, kijana mpole, ananiita "hajji". Wakafungua betri zote za malori, 14, wakazipakia kwenye pikapu ya mteja, na pikapu nayo wakaenda nayo. Nikamwambia yule kijana, tajiri akirudi nitamwambia nini? Akachomoa penseli akaniandikia risiti. Juu, palipo na anwani, hakuandika Kuwait. Aliandika "Mkoa wa 19", maana siku mbili nyuma Saddam alikuwa ameshatangaza Kuwait kuwa mkoa wa 19 wa Iraq.

Nilitoka nayo kwenye soksi, Basra, Baghdad hadi Amman. Ipo kabatini, penseli imefifia lakini ile 19 bado inasomeka.