Chuo kipekue simu za wanafunzi, au kianze na orodha zake chenyewe?

Salaam wanajamvi,

Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini. Uongozi wetu umeandaa rasimu ya kanuni za usalama mtandaoni, na mwezi ujao inaingia kwenye baraza. Inataka kila kundi la WhatsApp la darasa liwe na mtu wa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kama admini. Inataka mwanafunzi anaposajiliwa asaini kukubali simu yake ipekuliwe na uongozi pakitokea lalamiko. Na waifai ya chuo ifunge mitandao ya kijamii saa za vipindi, ambalo silijadili maana kila mwanafunzi ana bando lake. Nimeisoma yote. Hakuna mstari unaokidai chuo chenyewe kibadilishe chochote.

Kilichozaa rasimu hii ni tukio la muhula uliopita, wiki ya bumu, ile fedha ya kujikimu kutoka mkopo wa serikali. CR, yaani mwakilishi wa darasa langu, alipigiwa simu jioni akiwa kwenye foleni ya chipsi. Mpigaji alimwita kwa majina yake matatu, akamtajia namba ya usajili, kozi, hata namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. "Nipo ofisi ya mikopo. Taarifa zako zimegoma kwenye mfumo. Kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako, nisomee nikurekebishie kabla hatujafunga." Kijana akasoma. Zilikuwa za kufungulia WhatsApp yake.

Haukupita muda, kundi la darasa likapata ujumbe wenye jina na picha yake: mwenzetu fulani amefiwa na mama, tunachanga elfu mbili mbili, mhazini ni namba hii. Nani anahoji kwenye msiba? Jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa geni, watu wakadhani ni laini ya ndugu wa mhazini. Mimi mwenyewe nilituma elfu kumi. Aliyetajwa kufiwa alikuwa hosteli anafua, akaanza kupokea pole. Alimpigia mama yake huku mikono ina povu, simu ikaita mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu ikapokelewa, mama yuko shambani, mzima. Yule binti hakuja darasani siku mbili.

Sasa niulize: tapeli alizipata wapi taarifa zile? Kwetu. Wiki tatu kabla tulikuwa tumebandika orodha ya kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na PDF yake tukaitupa kwenye makundi yote: jina kamili, namba ya usajili, namba ya simu, namba ya kidato cha nne. Mfumo wetu wa matokeo nao unafunguliwa kwa namba ya usajili, na paswedi ya kuanzia ni jina la ukoo kwa herufi kubwa. Wengi wanahitimu hawajaibadilisha. Mwenye PDF ile ana funguo za nusu ya chuo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023. Mbele ya sheria ile chuo ni mkusanyaji wa taarifa na kina wajibu wa kuzilinda. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, na mwanafunzi ni mtu. Msimamo wangu: tuziondoe namba za watu ukutani na kwenye PDF, tubadili paswedi zile, kisha ndipo tuzungumze kuhusu simu ya mtoto wa mwenzetu.

Naomba kuwasilisha.

Mlezi wa Hosteli
Mkuu, poleni. Ila umeegemea upande mmoja. Nimefanya kazi ya ushauri wa wanafunzi chuo kingine kwa miaka kumi na moja. Mwaka jana binti wa mwaka wa kwanza alirushiwa picha zake za faragha kwenye kundi la darasa na aliyekuwa mpenzi wake. Alipofika ofisini kwangu, kundi zima lilikuwa limeziona, na aliyezituma alikuwa ameshazifuta kwa wote. Nikawaita mmoja mmoja. "Sikuona, mlezi." "Simu yangu ilikuwa chaji." Zaidi ya watu mia mbili, hakuna aliyeona. Binti alirudi kwao na hajarejea chuo. Ningekuwa na mtu wangu ndani ya kundi lile, ningekuwa na ushahidi na yule kijana asingekuwa anaendelea na masomo. Faragha ya nani hasa mnaitetea?

Binti wa Mwaka wa Pili
Shikamoo mwalimu, shikamoo mlezi.

Mlezi, kisa cha huyo dada kimeniumiza, na nakuamini. Lakini nikwambie upande wangu. Ujumbe ulioninyima usingizi haukutoka kwa mwanafunzi mwenzangu. Ulitoka kwa mtu anayesahihisha karatasi zangu. Ulikuwa unaingia usiku, baada ya saa nne: "Umelala?" halafu "Kazi yako ya muhula ninayo hapa." Wewe unasema admini wa ofisini aingie kundini na simu zipekuliwe na uongozi. Kwangu uongozi ni wenzake, wanakunywa chai meza moja. Ningekuwa nimesaini karatasi ile, ningefuta kila kitu kwa hofu. Kilichoniokoa ni skrini shoti nilizomtumia dada yangu Njombe azitunze. Dawati la jinsia tunalo, ila mlango wake unatazamana na ofisi za wakufunzi. Ukiingia tu, umeonekana.

Fundi wa Mitambo
Nyongeza ndogo wakati mnajadili. Washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp leo, ni PIN unayoiweka mwenyewe. Yule CR angekuwa nayo, zile tarakimu sita peke yake zisingetosha. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Meseji ya tapeli ipelekeni 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mkufunzi wa Uhasibu
Wafanyakazi nao tunaumia, rasimu zote hizi zinatusahau. Mwanafunzi wangu alikopa kwenye programu ya simu, moja ya zile kausha damu, za riba kubwa na vitisho. Alipoiweka ikasoma majina yote kwenye simu yake. Alipochelewa kulipa, nikaanza kupokea ujumbe: "Mwambie mwizi wako alipe." Alikuwa amenihifadhi kama Mwl. Uhasibu, basi wakajua mimi ni nani kwake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni, ila matangazo yao bado yanawafikia vijana, hasa kabla bumu halijatoka. Kijana alikuwa anakaa nyuma kabisa, haniangalii usoni. Admini wa kundi angesaidia nini hapo?

Mleta mada
Mlezi, hoja ya ushahidi nakupa, nami sikuwa nimeifikiria vya kutosha. Lakini tazama vizuri: ushahidi wako ulipotea kwa sababu binti hakuwa na mahali pa kwenda usiku ule ule. Makundi ya siri yapo, ukimwingiza admini wako watahamia jingine jioni hiyo hiyo. Ninachokitaka ni namba moja inayopokelewa hata Jumapili, na mtu aliyefundishwa kuhifadhi ujumbe na picha zikiwa na tarehe na namba ya mtumaji, kisha ampeleke binti polisi. Kunyanyasa mtu mtandaoni ni kosa, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini haipungui milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo imewapa polisi kazi ya upekuzi, haikumpa Mshauri wa Wanafunzi.

Na mtu huyo asiwe mkufunzi. Binti, hilo limetoka kwako na nitaliandika kwenye maoni yangu kwa baraza, bila kukutaja.

Mlezi wa Hosteli
La kupokea malalamiko usiku nakubali, na mlango wa dawati uhamishwe. La admini bado sijakubali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana miaka kumi na tisa, na mzazi wake ananipigia mimi, hapigii polisi.

Binti wa Mwaka wa Pili
Asante mwalimu.

Nina swali moja, na mwalimu ukienda barazani naomba uliulize. Orodha ya fildi ya mwaka jana bado ipo kwenye simu yangu. Nimeifungua sasa hivi, mimi ni namba 87. Hata mkiacha kuandika simu zetu kuanzia kesho, ile iliyokwisha kutoka mtafanyaje? Namba hiyo ndiyo anayoijua bibi yangu, siwezi kuibadilisha.