Ndama wa siku 11 anaharisha tangu nibadilishe mfuko wa maziwa

MamaZizi_Wete
Assalaam alaykum wafugaji. Ng'ombe wangu wa kisasa kanifia kwa ndigana, kaniachia ndama jike. Dang'a alilipata, nilimkamulia mwenyewe usiku ule ule aliozaliwa. Mfuko wa kwanza wa maziwa ya unga ya ndama niliagizia Unguja, akanywa vizuri mpaka akawa ananifukuza na ndoo. Ulipokwisha nikapata mwingine huku huku Pemba, bei nafuu. Tangu juzi ni maji matupu, mkia umegandamana. Na hayo maziwa nikishakoroga, yakitulia kidogo, chini kunakaa machicha kama ya nazi. Muuzaji ananambia, "Ng'ombe si hula majani, soya nayo si mmea?" Mifuko yote miwili imeandikwa protini asilimia 22. Tofauti iko wapi?

Kijana_Konde
Dada, mkatize maziwa siku mbili. Mpe uji mwembamba na sukari. Babu ndivyo alivyokuwa akifanya.

MzeeDole
Waalaykum salaam mwanangu. Kijana, babu tumheshimu, ila uji na sukari hapana. Sukari ya dukani tumbo la ndama mchanga haliwezi kuivunja; inabaki utumboni inavuta maji, kuharisha kunazidi. Wanga naye hivyo hivyo. Na usimkatize maziwa, atakosa nguvu ya kupigana na ugonjwa.

Muuzaji wako kasahau jambo moja: huyo bado si ng'ombe. Anameza, maziwa yanapita kando ya tumbo kubwa yanaingia tumbo la nne moja kwa moja. Protini ya maziwa yenyewe huganda humo kama mtindi, ikashuka utumboni taratibu. Ile ya maji yanayobaki kwenye kutengeneza jibini haigandi, lakini humeng'enyeka vizuri tu. Unga wa soya ni habari nyingine. Una vitu vinavyozuia vimeng'enya vya kuvunjia protini, na mwili wa ndama huweza kuuona kama adui. Vile vinyweleo vya utumboni vinavyofyonza chakula vinafupika, chakula kinapita tu. Soya iliyosafishwa kiwandani ina nafuu, lakini hata hiyo mimi simpi ndama kabla ya wiki tatu.

Hiyo 22 hupimwa kwa naitrojeni, haikwambii imetoka wapi. Soma mstari wa nyuzinyuzi. Maziwa hayana nyuzinyuzi. Ukikuta asilimia 0.15 au chini yake, karibu yote ni maziwa, ikipita 0.2 mmea umeshaingia.

MamaZizi_Wete
Nimekwenda bandani na tochi. Wa kwanza 0.1. Wa pili 1.0, na unga wa soya ndio ulioandikwa mwanzo kabisa! Miwani sikuvaa siku ya kununua.

MzeeDole
Basi huo weka kando. Tafuta maziwa ya ng'ombe wa jirani, ya uvuguvugu, lita 3 au 4 kwa siku, ugawe mara tatu. Katikati ya milo mpe maji ya chumvi ya ndama kutoka duka la dawa za mifugo, usiyachanganye na maziwa. Bana ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, macho yamezama, au hataki kunyonya, mwite daktari wa mifugo leo leo. Kuharisha kwa umri huu kunaweza kuwa na vijidudu pia, soya isibebe lawama yote. Ndoo unaiosha na nini?

MamaZizi_Wete
Maji ya mfereji tu. Sabuni nilikuwa naihurumia.

(Siku nne baadaye)

MamaZizi_Wete
Kinyesi kimeanza kushika, jana kanitafuna mtandio. Jirani ananiuzia lita tatu kila siku, mfuko unauma lakini basi. Huu wa soya umebaki nusu. N'na dume wa miezi miwili, ameshaanza kucheua. Nimpe?

MzeeDole
Huyo mpe, ila anza kidogo kidogo. Koroga mpaka mwisho wa kunywa, machicha yasimkalie chini.