Mjadala: Bleak House tuisome miezi 19 kama ilivyotoka, au tuimalize kwa miwili?

MamaUkurasa (mratibu)
Wanakikundi, salaam. Great Expectations tumeimaliza juzi, sura 59 kwa wiki kumi. Tulianza watu 22, tukafika tisa. Kura zimesema tuendelee na Charles Dickens huyohuyo, mtunzi wa riwaya wa Uingereza, kwa hiyo inayofuata ni Bleak House, sura 67. Ombi langu ni tusiikimbize. Mwenyewe aliitoa kidogo kidogo, kijitabu kimoja kila mwezi, Machi 1852 hadi Septemba 1853. Vijitabu 19, cha mwisho maradufu. Kila kimoja kurasa 32, picha mbili, shilingi moja. Msomaji alipata sura tatu nne, kisha mwezi mzima anabishana na jirani nani kafanya nini. Nataka na sisi tuonje hiyo: sura tatu au nne kwa mwezi, tunakutana Jumamosi ya mwisho. Kuna wenzetu wanataka sura nane kwa wiki tumalize miezi miwili. Semeni. Na mlioisoma tayari, tafadhali msitoboe siri.

Chokaa
Miezi 19, dada? Mtoto anatungwa mimba, anazaliwa, anasimama dede, sisi bado tunasubiri kijitabu.

MzeeWaUpanga
Naunga mkono miezi 19. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na riwaya hii nimeisoma mara tatu. Ule mwanzo peke yake ni kipindi kizima darasani. Sentensi ya kwanza ni neno moja: London. Nukta. Kisha matope, mengi hata mwandishi anasema usingeshangaa kukutana na dinosau wa futi arobaini anajikokota kupanda kilima cha Holborn. Kisha ukungu, kila mahali ukungu, na sentensi zinapita bila kitenzi kamili. Mtu wa sura nane kwa wiki ataviona saa ngapi?
Ila niseme na jambo lililonikera kwenye kitabu kilichopita. Wapo waliokuwa hawasomi. Wanasikiliza sauti kwenye simu, kisha wanakuja kuchangia sawa na waliosoma. Kusikiliza si kusoma.

DerevaWaTunduma
Mwalimu, shikamoo. Umerusha jiwe gizani, na mimi ndiye ninayesema yalaa.
Kati ya wale tisa nimo, na kitabu nilikimaliza nikiwa kwenye usukani, Dar hadi Tunduma, kilomita mia tisa na ushee kwenda, na hizohizo kurudi. Pale Magwitch, yule mfungwa, anapopanda ngazi usiku wa mvua na Pip, mhusika mkuu, yuko juu kashika taa, mimi nilikuwa Kitonga nyuma ya tenki la mafuta, gia ya kwanza, mvua hiyohiyo. Nilirudisha nyuma mara tatu mpaka utingo akaniuliza kuna nini. Kikaoni nikauliza kwa nini Pip anaona kinyaa badala ya kumshukuru mtu aliyemfadhili, na wewe mwenyewe ukasema "swali zuri sana". Lilikuwa zuri kwa sababu hukujua nimesikiliza?

Chokaa
Mwalimu kasimamishwa barabarani, leseni imeisha muda.

MpwaniHalisi
Maalim, Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, hakumpa aufungie kabatini ausome kwa macho. Ulitiwa sauti. Nyanya yangu hakukaa darasani hata siku moja na utendi ule anao moyoni, beti kwa beti. Ukamwambie hajausoma! Mie nitasimama mlangoni nitazame. Na mwaka uo huo wa 1858 huyo Dickens wenu alianza kupanda jukwaani, watu wananunua tiketi, anawasomea vitabu vyake kwa sauti na kuigiza kila mhusika. Sasa waliokwenda kumsikia mwenyewe nao hawakusoma?

MzeeWaUpanga
Chokaa, leseni yangu ilitolewa kabla baba yako hajajua kuandika jina lake.
Utendi una mizani na vina, umeundwa ukae sikioni. Riwaya ni kitu kingine, sentensi inaanzia ukurasa huu inaishia ule. Dickens alilipwa kwa neno, ndiyo maana anarefusha hivyo, na urefu ule huufuati huku unapiga honi. Isitoshe msikilizaji hajui hata majina yanavyoandikwa. Hebu dereva atuandikie jina la ile kesi iliyobeba kitabu chote.

DerevaWaTunduma
Jandisi na Jandisi. Nishaanza, niko sura ya tano.

MzeeWaUpanga
Jarndyce. Nimemaliza.

BintKikwajuni
Hujamaliza, mwalimu wangu, kwa heshima zote. Kwanza Dickens hakulipwa kwa neno. Hiyo tulidanganywa sote skuli. Alilipwa kwa toleo, na toleo lilikuwa na kurasa zake 32, azidishe asizidishe hazizidi. Pili, tumetoka juzi tu kwenye Great Expectations. Sura ya saba, Pip mdogo anaandika barua kwenye kibao, makosa matupu, na Joe mhunzi asiyejua kusoma anamsifu kuwa ni msomi mkubwa. Baadaye Pip akajua kuandika sawasawa akamwonea haya Joe. Tukasema wote kikaoni Pip alikosea. Au tulisema tu?

Chokaa
Wakuu, leteni barafu.

MzeeWaUpanga
Baba yake Chokaa naomba radhi. Hayo mengine sijibu.

BintKikwajuni
Na mie hiyo miezi 19 nina sababu yangu ya kuitaka. Kazi yangu ni mahakamani. Sura ya kwanza inasema kesi hiyo ya mirathi imezeeka hata hakuna mtu aliye hai anayeielewa. Kuna mtoto aliahidiwa farasi wa mbao kesi ikiisha. Akakua, akajinunulia farasi wa kweli, akampanda akaenda zake ahera, kesi ipo palepale. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Sisi tuna kiwanja cha bibi. Kesi ilifunguliwa mama yangu akiwa mwari, leo nina watoto wawili. Faili lishapotea mara mbili, likaonekana mara moja. Wakili wa kwanza kafa, wa pili kastaafu, na gharama tukizijumlisha tungeshanunua viwanja vitatu vya namna hiyo. Kitabu cha kesi kama ile ukikimaliza kwa wiki nane hujakisikia uchungu wake. Kinatakiwa kikucheleweshe.

DerevaWaTunduma
Dada, hapo kwa farasi nilicheka peke yangu Chalinze nzima. Pole kwa kiwanja.

Nyakati
Nimesoma yote nikangoja mtu aulize, hakuna. Kwa nini Dickens? Mwalimu anajivunia miaka 31 ya kufundisha Kiingereza utadhani ni medali ya vita. Mwaka 1968 Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba walikaa Nairobi wakaandika waraka kwamba Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe, Afrika ikae katikati. Miaka yote hiyo imepita, watu wazima mnapanga kukaa mwaka na nusu kwenye ukungu wa London! Na mnajua sura ya nne ina nini? Mama Jellyby, anachangisha pesa za kuwapeleka Waingereza kulima kahawa na kuwaelimisha "wenyeji" wa Borrioboola-Gha, ukingo wa kushoto wa mto Niger. Afrika kwenye kitabu hiki ni kichekesho chenye jina la kubuni.

MzeeWaUpanga
Kijana, kasumba yangu niachie mwenyewe. Mwalimu Nyerere alikuwa rais wa nchi na bado alikaa usiku akamtafsiri Shakespeare. Juliasi Kaizari 1963, Mabepari wa Venisi 1969. Yeye pia alikuwa mtumwa wa ukungu?

Nyakati
Alimtafsiri KWA KISWAHILI, mwalimu. Umenisaidia kumaliza hoja yangu, ahsante. Tusome Shamba la Wanyama, tusome Kisiwa chenye Hazina, kama lazima iwe Mwingereza.

DerevaWaTunduma
Nyakati, huyo Mama Jellyby mimi nimetoka kumsikia jana usiku, na sidhani kachekwa Mwafrika. Mtoto wake kichwa kimenasa kwenye vyuma vya uzio, mpeleka maziwa anamvuta miguu kwa nyuma, mama yuko juu anaandika barua za Afrika. Wanakula, barua zinamiminika, bahasha nne zimo kwenye mchuzi kwa mpigo. Macho yake, kinasema kitabu, yanatazama mbali kana kwamba hayaoni kitu kilicho karibu kuliko Afrika. Mimi huyo mama namjua. Kashuka kwenye gari jeupe kijijini kwetu, kapiga picha na kisima, hajarudi. Dickens anamcheka yeye, kwetu tulimcheka kwa siri.

MpwaniHalisi
Haya maalim, asiyesoma kakusomea.

Nyakati
Kaka, umesikia nusu. Nenda mwisho kabisa. Mradi unakufa kwa sababu mfalme wa Borrioboola anataka kuwauza wote waliosalimika na hali ya hewa ya huko apate ramu. Hapo anachekwa nani? Mwaka huohuo wa 1853 kitabu kinaisha, aliandika makala ya kuwadhihaki Wazulu waliopelekwa London kuonyeshwa watu. Mpende mwandishi wako lakini mpende mzima, na meno yake.

MamaUkurasa (mratibu)
Nyakati!! Nilisema msitoboe siri!

Nyakati
Ubaguzi si siri.

Chokaa
Na kweli hiyo siyo siri yenyewe. Siri ni yule mzee anayewaka moto mwenyewe mpaka anabaki masizi.

MamaUkurasa (mratibu)
Chokaa nakufungia.

BintKikwajuni
Jamani mie sikuwa nimefika huko! Nani tena anawaka?

MzeeWaUpanga
Kwa kuwa limeshamwagika, nieleze vizuri. Sura ya 32. Dickens aliamini mwili wa mlevi unaweza kujiwasha. Mhakiki George Henry Lewes akamwumbua gazetini kwamba kisayansi ni upuuzi, na Dickens hakukubali, akajibu ndani ya riwaya yenyewe ikiwa bado inatoka, na akarudia kwenye dibaji. Ona faida ya kutoa kwa mwezi, mwandishi anagombana na wasomaji katikati ya kitabu. Lewes huyu ndiye aliyekuja kuishi na Mary Ann Evans, yule wa jina la kiume, George Eliot aliyeandika riwaya ya Middlemarch. Ile nayo ilitoka kwa mafungu, manane, 1871 na 1872. Mwaka kesho ningependekeza...

Chokaa
Mwaka kesho? Mwalimu, tukianza leo mwaka kesho tuko palepale kwa dinosau.

MpwaniHalisi
Mimi bado nataka jibu la nyanya yangu.

MzeeWaUpanga
Nyanya yako ameuhifadhi utendi. Kuhifadhi ni zaidi ya kusoma. Umeridhika?

MpwaniHalisi
Nimeridhika. Na dereva?

MzeeWaUpanga
Dereva hajahifadhi.

DerevaWaTunduma
Mwalimu, wewe umesoma mara tatu. Bila kufungua kitabu, huyo mtoto wa kwenye uzio walimtoaje?

MzeeWaUpanga
Walimvuta. Si umesema mwenyewe mpeleka maziwa anamvuta.

DerevaWaTunduma
Alimvuta, hakutoka. Esther, yule msichana msimulizi, ndiye aliyesema kichwa kimeshapita, basi mwili nao utafuata, wamsukume mbele. Wakamsukuma, akatokea upande wa pili.

BintKikwajuni
Nimefungua. Ni kweli. Sura ya nne.

Chokaa
Mwalimu amesukumwa mbele.

MamaUkurasa (mratibu)
Jamani. Nimehesabu kura. Miezi 19: mwalimu na Bint. Miezi miwili: hakuna aliyejitokeza, hata wale walionipigia simu kulalamika. Kiswahili kwanza: Nyakati. Nyanya: mmoja. Natoa uamuzi wa mwezi huu peke yake. Kijitabu cha kwanza cha Machi 1852 kiliishia sura ya nne, hapohapo kwa Mama Jellyby mnapokamatana mashati. Kwa hiyo mwezi wa kwanza mmeshaumaliza mkibishana. Jumamosi ya mwisho, saa kumi, sura ya 1 hadi ya 4. Nyakati utafungua mazungumzo kwa hoja yako ya Niger, uje na ile makala. Anayetaka kuisikiliza riwaya atafute rekodi za bure mtandaoni, zipo za wasomaji wa kujitolea, ni zaidi ya saa 30.

Nyakati
Nitakuja. Siahidi kusoma.

MzeeWaUpanga
Nakubali, kwa sharti moja. Aliyesikiliza atangaze mwanzoni mwa kikao kwamba amesikiliza.

DerevaWaTunduma
Niko foleni Tunduma, malori hayajasogea tangu asubuhi. Nishafika sura ya kumi na moja. Mwalimu, ukinyanyua mkono kuuliza, mimi nitasema "nasikiliza".

MzeeWaUpanga
Ya kumi na moja? Basi huko usiseme neno. Yule mnakili hati, umemfikia?

DerevaWaTunduma
Nimemfikia. Yuko kitandani.

BintKikwajuni
JAMANI.