Anderson Silva: bingwa wa kweli, au vipimo vya 2015 vimefuta kila kitu?

Mtoto wa Temeke
Wakuu, habari za jioni. Jana kwenye kibanda tunachoangalizia ngumi ulizuka ubishi mpaka mwenye kibanda akazima televisheni. Hoja ilikuwa Anderson Silva, yule Mbrazili wa UFC, ile ligi ya Marekani ya ngumi, mateke na mieleka, wanayemwita Buibui. Mimi nasema uzito wa kati haujapata mtu kama yeye. Mkanda aliuchukua kwa Rich Franklin tarehe 14 Oktoba 2006, akamdaka shingo kwa mikono miwili akamlisha magoti mpaka pua ikahama. Tangu siku hiyo hadi Julai 2013 hakuna aliyeugusa. Siku 2,457! Akautetea mara 16. Jamaa yangu anasema yote hayo ni bure, kwa sababu 2015 alipimwa akakutwa na dawa za kuongeza nguvu, na 2017 akakutwa tena. Swali langu ni hili: mtu akikamatwa ana miaka 39, tunafuta na aliyoyafanya akiwa na 31? Leteni hoja.

Bint Makorora
Alitetea mara 10, mkuu. 16 ni mapambano aliyoshinda mfululizo ndani ya UFC. Mengine hayakuwa ya mkanda, kama lile la Forrest Griffin wa 2009. Ila nipo upande wako.

Nyundo
Futa yote. Siku za mwizi ni arobaini, lakini hakuanza kuiba siku hiyo ya arobaini. Miaka yake yote ya ubingwa hapakuwa na vipimo vya kushtukiza kama vya baadaye. Na zile dharau zake, mikono chini, kidevu nje, kuwachezea wenzake kama watoto, Mungu alimlipa. Mguu ukakatika dunia nzima ikiona.

Fundi Chuma
Nyundo, kwenye dawa sema utakavyo. Hilo la Mungu kumlipa mguu lifute.

Mimi mguu wangu wa kushoto ulivunjika 2019, mfupa mkubwa na mdogo yote miwili, kama yeye. Nilikuwa nyuma ya bodaboda, tumesimama kabisa, gari ikarudi nyuma ikatubana ukutani. Nilikaa ndani miezi minane. Watu walikuja kunijulia hali, wakanywa chai yangu, kisha wakaniuliza taratibu kama kuna mtu niliyemkosea. Mke wangu alikuwa jikoni anawasikia. Ile picha ya Silva Desemba 2013, ameanguka ameshika paja na huku chini mguu unaning'inia kama soksi iliyojaa mchanga, mimi siwezi kuiangalia mara mbili. Kile kilio nakijua.

Nyundo
Pole sana kaka, Mungu akupe wepesi. Lakini usichanganye mambo. Wewe ulikuwa abiria, yule alikuwa mtu wa kudhihaki wenzake. Malipo ni hapa hapa duniani, wazee hawakusema bure.

Bint Makorora
Wazee hao hao walisema hujafa hujaumbika. Hiyo mbona umeiruka?

Halafu tuambie kuhusu Chris Weidman, mpinzani wa Silva siku ile ya mguu. Silva alirusha teke la chini, Weidman akainua goti kukinga, mguu wa Silva ukavunjikia hapo. Sawa. Sasa tarehe 24 Aprili 2021, kule Jacksonville, Weidman huyo huyo akamrushia Uriah Hall teke la kwanza kabisa, sekunde ya 17, na wake ukakatika vile vile. Hall hakuwa amerusha hata ngumi moja. Weidman alimdhihaki nani siku hiyo?

Nyundo
Anajua mwenyewe na Mola wake.

Mzee wa Kijiwe
Aa, kijana, hapo umeteleza. Kwa hiyo kila unayemwona na magongo barabarani ana kesi na Mungu? Nenda wodi ya mifupa hospitali yoyote uwatangazie hayo mbele ya mama zao.

Nyundo
Mzee wangu, nakuheshimu, ila mnaniwekea maneno mdomoni. Nimesema Silva. Sijasema wagonjwa wote.

Fundi Chuma
Umesema "anajua mwenyewe na Mola wake". Limeandikwa hapo juu, na linanihusu mimi pia. Hata wale waliokunywa chai yangu walisema hivyo hivyo.

Kapteni Mateke
Wakuu, niingie kama mtu niliyefundisha mateke miaka kumi na mbili. Hakuna laana hapo. Muundi ni mwembamba kule chini, karibu na kifundo, na mnene huku juu chini ya goti. Ukirusha teke la chini kwa nguvu zote na mwenzako akainua mguu, sehemu yako nyembamba inakutana na sehemu yake nene. Ndiyo maana mwanafunzi wangu akirusha teke la namna hiyo bila kumchanganya kwanza mpinzani kwa ngumi, namsimamisha. Weidman hakubahatisha. Kocha wake, Ray Longo, alimfanyisha zoezi la kukinga vile kabla ya pambano. Ni kazi imefanyika gym.

Baharia wa Ghuba
Mnalia na mguu, mimi nililia na nauli. Nilikuwa Abu Dhabi tarehe 10 Aprili 2010, Silva na Demian Maia, uwanja wa wazi kule kisiwa cha Yas. Nilijinyima wiki tatu kwa ajili ya tiketi ile. Raundi mbili za mwanzo nilisimama juu ya kiti, sijawahi kuona mtu anakwepa ngumi kwa kiuno namna ile. Halafu akaacha kupigana. Akawa anamzunguka Maia, anampigia makofi, anaongea naye, dakika zinakwenda. Watu wakaanza kuzomea, refa akamwonya. Majaji walimpa ushindi, lakini Dana White, bosi wa UFC, alishaondoka zake, mkanda akaachiwa meneja wa Silva. Nilirudi kambini saa nane za usiku sina hamu ya kula. Kwa hiyo Nyundo kwenye dharau yuko sahihi. Yeye amekosea kuleta Mungu tu.

Nyundo
Asante Baharia! Wewe ulikuwepo, hawa wanaangalia vipande vya dakika mbili kwenye simu.

Bint Makorora
Nimeangalia pambano la Chael Sonnen raundi zote tano, Agosti 2010, usinipangie. Sonnen alikuwa ameitukana Brazil miezi kadhaa. Raundi nne na zaidi alimlaza chini akampiga, mkanda unaondoka kila mtu anaona. Dakika mbili za mwisho, Silva yuko mgongoni amelaliwa, akamfunga kabali ya pembetatu kwa miguu, akavuta na mkono, Sonnen akagonga kuomba poo. Mtu anayedharau mchezo havumilii kipigo dakika 23 akisubiri nafasi moja. Tena kipimo cha Sonnen baada ya hapo kilionyesha homoni za kiume zimezidi. Kwa hiyo siku ile aliyekutwa na kitu ndiye aliyeshindwa.

Mtoto wa Temeke
Ndiyo mada yenyewe hiyo, asante dada. Na Stephan Bonnar wa 2012 aliyepigana na Silva naye alikutwa na drostanoloni, dawa ya kujenga misuli, ile ile aliyokutwa nayo Silva kabla ya pambano la Nick Diaz Januari 2015. Sasa tunamhukumu mmoja tu?

Nyundo
Wote wafutwe. Na utetezi wake je? Alisema ilikuwa dawa ya nguvu za kiume, kaletewa na rafiki kutoka Thailand. Tume ya michezo ya jimbo la Nevada haikumwelewa, wakamfungia mwaka.

Mzee wa Kijiwe
Hilo mimi silitupi haraka. Nimeona vijana hapa mjini wanakunywa vitu kwenye chupa za maji zisizo na nembo, asubuhi moyo unawaenda mbio. Anayeuza mwenyewe hajui kilichomo.

Kapteni Mateke
Mzee, mpiganaji wa kiwango kile ana madaktari. Hilo la Thailand sikulikubali siku ile na leo silikubali. La 2017 ni tofauti. Wapimaji wenyewe walikubali kwamba kirutubisho chake kilikuwa kimechanganyika na kitu kingine, ndiyo maana adhabu ikawa mwaka mmoja badala ya zaidi. Na bado namwita bingwa. Nasema yote mawili kwa pamoja na roho yangu iko sawa.

Mtoto wa Temeke
Kapteni, huwezi kusema yote mawili. Chagua.

Kapteni Mateke
Naweza. Mimi nimefundisha watoto kwa kutumia mapambano yake. Teke la mbele lililomkuta Vitor Belfort kidevuni Februari 2011, kila kijana aliyeingia gym mwaka ule alitaka kujifunza lile tu. Hakuna dawa inayokuonyesha ni sekunde gani kidevu kiko wazi. Dawa inakupa mwili unaopona haraka na kustahimili mazoezi, na huo ni wizi, simtetei. Macho yale yalikuwa yake. Mtoto aliyelelewa na shangazi mjini Curitiba, Brazil, kwa sababu kwao hali ilikuwa ngumu, akaanza na taekwondo, akaenda kapoeira ya Kibrazili, akaenda Muay Thai, ngumi na mateke ya Kithai. Niliyaona yote matatu ndani ya teke moja.

Nyundo
Kapteni, hapo umenigusa kidogo, siwezi kukataa. Ila dawa ni dawa.

Fundi Chuma
Mimi bado nasubiri lile neno lifutwe.

Nyundo
Kaka, nalifuta. Nimeacha la dharau, la Mungu nimeliondoa. Samahani kwako na kwa shemeji.

Fundi Chuma
Nimeona. Yamekwisha.

Baharia wa Ghuba
Hivi Silva naye walimwekea chuma ndani?

Fundi Chuma
Walimwekea, ndani ya mfupa. Mwaka mmoja na mwezi baadaye alikuwa ulingoni na Diaz, na alirusha mateke kwa mguu ule ule. Nilikesha nikisubiri kuona kama ataurusha. Pambano lilifutwa baadaye kwa sababu ya vipimo, najua, lakini mateke yale niliyaona. Yalinisaidia baadaye, nilipovunjika mimi, nilipokuwa nashindwa kushuka ngazi tatu za kwangu.

Mtoto wa Temeke
Wakuu, turudi kwenye mada. Awekwe kundi la wakubwa au asiwekwe?

Bint Makorora
Kaka Fundi, chuma chako walikitoa au bado kiko?

Fundi Chuma
Bado kiko, dada. Daktari alisema kama hakinisumbui kikae. Mwezi wa saba ukiingia na baridi yake nakisikia hapa chini ya goti.

Kapteni Mateke
Paka mafuta ya moto jioni, halafu usikae sana umekunja mguu. Kesho nitakuandikia mazoezi mawili ya kifundo, mepesi tu, unafanyia kitandani.