Maji yananidondokea kutoka flati ya juu, fundi anataka 450,000. Nani alipe?

Binti wa Upanga: Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kabla sijagombana na watu. Nina flati yangu Upanga, ghorofa ya pili, nimenunua na hati ninayo. Tangu mwezi uliopita dari ya bafu langu inatoa jasho, sasa jipsamu imelegea katikati kama tumbo la ng'ombe na maji yanadondoka karibu na swichi ya hita. Nimetega ndoo ya lita kumi, inajaa siku moja na nusu.

Nimepanda juu. Anayekaa pale ni mpangaji, mwenye flati yuko Maskati. Mpangaji kaniambia "bafu langu kavu, ingia uone", na kweli ni kavu. Mwenye mali kwenye WhatsApp anasema hilo ni bomba la jengo, nimfuate mwenyekiti wa umoja wetu wa wamiliki. Mwenyekiti naye: "Hayo ya majirani, malizaneni." Fundi niliyemleta anataka 450,000 avunje sakafu ya juu. Savisi chaji nalipa kila mwezi sijawahi kukosa.

Kobe Mzee: Pole dada. Kabla ya yote zima hiyo hita kwenye swichi kubwa, na usiiguse mpaka pakauke. Hela mtajadili baadaye.

Mzee wa Hati: Huwezi kujua nani alipe kabla hujajua bomba gani linavuja. Kwa Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila mwenye hati ana sehemu yake, na vinavyotumiwa na wote ni mali ya pamoja, vinatunzwa na umoja wa wamiliki kwa michango yenu. Bomba kuu linaloshuka toka juu hadi chini linahudumia wote, hilo ni la umoja. Tawi linalohudumia bafu la jirani peke yake kwa kawaida ni lake, hata kama limepita juu ya kichwa chako. Hata hivyo soma kanuni za umoja wenu na mchoro wa jengo, ndimo mipaka ilimoandikwa. Mpangaji mwache, kama si yeye aliyeharibu.

Mtani wa Ngazi: Huyo mwenyekiti chelewesha mchango wiki moja uone atakavyoujua mlango wako.

Koki Haifungi: Mimi fundi bomba, nimevunja mabafu ya watu mpaka nimechoka, na mengi hayakuwa na haja ya kuvunjwa. Asipige mtu nyundo kabla ya kupima. Maji yanadondoka muda wote kwa mwendo uleule, au yanaongezeka watu wa juu wakioga?

Kama ni muda wote, shuku bomba la maji safi, lile lenye presha. Mpangaji afunge koki zote usiku, asome mita, asifungue kitu hadi asubuhi. Namba zikisogea, linalovuja liko baada ya mita yake. Zisiposogea na ndoo bado inapokea, mwiteni mwenyekiti mkague bomba kuu.

Kama ni wakati wa kuoga tu, hapo ni trapu ya sakafu, yaani kile kikombe cha bomba chini ya tundu la sakafu kinachozuia harufu, au grauti, ile ya kuziba kati ya vigae, imekwisha. Nunua bluu ya kufulia, koroga kwenye ndoo ya maji, mimina kwenye tundu la sakafu la juu, kisha shuka ukakae chini ya dari yako. Na bafu lake kuwa kavu isikubabaishe. Maji yakipenya chini ya vigae hutambaa juu ya zege mpaka yapate ufa, yanaweza kutokea mbali kabisa na yalipoanzia.

Wa Nairobi: Huku kwetu Sheria ya 2020 pia imeweka shirika la wamiliki litunze vitu vya pamoja. Lakini mimi niliponzwa na haraka. Nilitengeneza silingi kwanza, ndipo nikaenda kudai. Jirani akaniuliza ushahidi uko wapi, sina hata picha moja! Piga video, weka risiti, andika barua, nakala ibaki kwa uongozi.

Binti wa Upanga: Asanteni. Fundi, ni asubuhi na jioni, mchana panatulia. Bluu nanunua leo.

Mzee wa Hati: Mwenye mali akigoma, Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu, kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kwa 450,000 mimi nisingefika huko, muda na nauli vitakula zaidi.

Binti wa Upanga: MREJESHO. Jana saa mbili usiku tumemimina, mimi na mpangaji, mlinzi shahidi. Saa tatu kasoro robo ndoo yangu ina maji kama ya kusuuzia mashati ya shule. Nimetuma video Maskati. Tiki za bluu zikatokea, kimya nusu saa, halafu: "Tafuta fundi wa bei nafuu, nitatuma." Jipsamu yangu hajaigusia. Fundi, trapu inabadilishwa bila kuvunja bafu zima?

Koki Haifungi: Inategemea kama inaning'inia chini ya zege au imezikwa ndani. Hiyo jipsamu ndiyo imeshakufa, mdai na hiyo kwenye hesabu moja. Kata kidirisha cha futi moja pale palipolegea, umulike na tochi, upige picha uweke hapa. Ikiwa inaning'inia, naingilia kwako na vigae vyake sivigusi.