Mliofanya IELTS, TOEFL, Duolingo au CELTA mkitokea Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

Mzee wa Cheyo
Wakuu salaam. Leo alfajiri nimemsindikiza mpwa wangu stendi hapa Tabora, anakwenda Dar kufanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, kama TOEFL na Duolingo. Kabeba begi la nguo, vyeti, na galoni ya asali ya kupelekea ndugu. Basi lilipoondoka nikakumbuka yangu yote.

Sisi wa huku mtihani unaanzia kwenye tiketi. Mtu wa Dar anaamka, anapanda daladala, anakaa kwenye kiti. Wewe unafika miguu imevimba, masikioni bado unasikia injini, halafu kwenye sehemu ya kusikiliza unaambiwa rekodi inapigwa mara moja tu. Maswali 40 ndani ya nusu saa, na humo ndani kuna Muaustralia anataja namba ya simu kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Waliopitia mwageni hapa. Na nyie walimu mliochukua CELTA, kile cheti cha kufundisha Kiingereza, msijifiche.

Gungu Juu
Masikioni injini 😂 Nimecheka peke yangu dukani. Nakaa hapa.

Mtoto wa Kibondo
Mimi nilikwepa safari nikafanya Duolingo. Unafanyia popote penye intaneti, ni kama saa moja tu, majibu ndani ya siku mbili. Nikasema afadhali.

Nyumbani watoto wengi, nikachukua chumba gesti. Masharti yao mnayajua: uwe peke yako chumbani, masikio yaonekane, usivae spika za masikioni, macho yasitoke kwenye skrini, kamera inakutazama mwanzo mwisho. Nimemwambia dada wa mapokezi asinisumbue mpaka nitoke mwenyewe. Kaitikia vizuri kabisa.

Nimefika sehemu ya kuongea, nimeshaanza kutiririka, mlango ukagongwa. Nikanyamaza. Ukagongwa tena. Halafu ukafunguliwa, maana yeye ana ufunguo wa akiba, akaingia na sahani: "Kaka, chapati zinapoa, na wewe tangu asubuhi hujala."

Matokeo hayakuthibitishwa. Na chapati nilikula, ningefanyaje.

Kitete Finest
Duolingo nayo mtihani? Si ule mchezo wa kwenye simu wenye ndege wa kijani?

Mtoto wa Kibondo
Mkuu, ule ni mchezo, huu ni mtihani. Alama zake ni 10 hadi 160 na vyuo vingi Marekani na Canada vinapokea. Ndege hayumo.

Kitete Finest
Bado naona mchezo. Mtihani ni IELTS, unapewa karatasi, unatoka jasho.

Reli ya Kati
Siku hizi hata IELTS watu wanafanya kwa kompyuta, amka mzee.

Ticha Sikonge
Nimeona CELTA imetajwa, nashindwa kupita.

Mimi ni mwalimu wa cheti, daraja A, nikajiendeleza hadi shahada. Nimefundisha Kiingereza shule za kijijini miaka mingi, darasa limejaa hadi wengine wanakaa chini, chaki mkononi, unasema sentensi wanaitikia wote, paa linatikisika. Nikajiona fundi. Nikaomba CELTA kwa njia ya mtandao. Kuingia tu kuna usaili na kazi ya sarufi ya kufanya kwanza. Kuzaliwa na Kiingereza si sharti, ila Kiingereza chako kiwe cha juu.

Kozi yenyewe ni saa 120, na ndani yake unafundisha watu halisi jumla ya saa 6 huku mkufunzi anaandika kila unachofanya. Na insha nne juu yake. Somo la kwanza nikaingia na sauti yangu ya Sikonge. Nimeeleza, nimefafanua, nimetoa mifano, wanafunzi wanatikisa vichwa. Nikatoka natarajia pongezi. Mkufunzi akaniuliza kwa upole: "Wanafunzi wako waliongea dakika ngapi?" Sikuwa na jibu. Walikuwa hawajaongea.

Pale ndipo nilipolia, na mimi si mtu wa kulia. Wiki nzima nikawa najifunza kunyamaza. Ujanja wa kozi ile wote ni huo: uliza, subiri, wape kazi wawili wawili, pita katikati sikiliza makosa, yaandike ubaoni mwishoni. Mtu aliyezoea watoto tisini kusubiri jibu sekunde tano anaona darasa limemshinda.

Lakini niwaambie kitu kitamu. Kundini kulikuwa na Waingereza wawili. Ilipofika mada ya nyakati za vitenzi wakawa wananitumia ujumbe usiku niwaelekeze, kwa sababu wao wanakisema tu, hawajawahi kukaa wakajiuliza kimefungwaje. Sisi tulikisoma kwa fimbo, kila kanuni tunajua ilipo. Nilifaulu.

Bibi Katubuka
Ticha heshima yako. Hapo kwenye kunyamaza umenigusa, mimi mpaka leo sijaweza.

Nzega Dhahabu
Hongera ticha, lakini ukweli usemwe. Ukienda kuomba kazi ya kufundisha China, CELTA au si CELTA, kwa kawaida wanataka pasipoti ya Uingereza, Marekani, Canada, Australia, New Zealand, Ireland au Afrika Kusini. Mtanzania umo? Humo. Hela za kozi bora ungenunua bodaboda.

Ticha Sikonge
Nani kakwambia naenda China? Mimi nafundisha watu wazima mtandaoni, nalala kwangu.

Nzega Dhahabu
Sijakutaja wewe.

Ticha Sikonge
Umenijibu mimi.

Milambo Old Boy
Mnahangaika na vyeti. Nyerere alitoka Tabora Boys, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's hapa hapa Tabora, 1949 akaenda Edinburgh. IELTS imeanza 1989. Kiingereza cha Tabora hakihitaji kupimwa.

Gungu Juu
Kwa hiyo ubalozini utapeleka alama za Nyerere?

Reli ya Kati
😂😂😂 Nyuzi zifungwe.

Dokta Vyeti
Habari wadau. Cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120 kinapatikana bila kusoma, siku tatu unacho mkononi. Wa IELTS pia tunaye kijana wa kukufanyia mtihani. Njoo pembeni tuongee.

Mzee wa Cheyo
Wewe ni mamluki au dalali wa mamluki? Pale unapigwa picha, alama ya kidole inachukuliwa, na picha inatokea kwenye cheti. Toka kwenye uzi wangu.

Wa Ujiji Halisi
Nilikuwa nasoma kimya ila hapo kwenye utambulisho mmenitonesha.

Nilikuwa nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza, masharti IELTS wastani wa 6.5 na kila sehemu isipungue 6. Nimelipia, nimesoma usiku watoto wakilala. Sheria ni kwamba pasipoti uliyojisajilia ndiyo hiyo hiyo unayokwenda nayo. Kivuli hakikubaliwi.

Basi linaondoka Kigoma alfajiri. Usiku wake nafungua mkoba wa vyeti, pasipoti haipo. Nimepindua godoro, nimepindua makabati. Mume wangu kakaa sebuleni anaangalia taarifa ya habari, namuuliza, anasema "sijui, tafuta vizuri." Mama mkwe alikuwa kwetu siku hizo, kashika tasbihi, ananiambia, "Mwanangu, labda hakuna heri katika safari hiyo." Hapo mwili ukanisisimka. Huyu mama hajui hata ninachotafuta, mbona anajua ni cha safari?

Saa sita usiku niko jikoni nimekaa chini. Wifi yangu mdogo akaingia kuchota maji. Hakunitazama. Akasema tu, "Wifi, wale dagaa wa gunia wataoza, ungewapekua." Akatoka.

Ngoja nimlaze mtoto, nakuja.

Bibi Katubuka
Weeee! Usituache hapa.

Kitete Finest
Nimeweka kambi.

Mtoto wa Kibondo
Chapati zangu zimesahaulika kabisa.

Nzega Dhahabu
Chai hii. Nani anaficha pasipoti kwenye dagaa?

Gungu Juu
Mtu wa Kigoma anaficha kila kitu kwenye dagaa. Dada endelea.

Wa Ujiji Halisi
Ilikuwa katikati ya gunia, imefungwa kwenye kitambaa. Sikusema neno. Nikaoga, nikaenda kulala kwa jirani na mkoba wangu, alfajiri nikapanda basi. Yule dada wa kukagua Dar aliishika pasipoti kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na pua.

Sehemu ya kuongea wanakupa kadi, dakika moja ya kujiandaa, halafu unaongea hadi dakika mbili. Kadi yangu: eleza mtu aliyewahi kukusaidia. Jamani! Nilimwaga habari za wifi mpaka mtahini akasahau kuangalia saa. Kuongea nilipata 7.

Nzega Dhahabu
Sasa hii ni chai ya maziwa.

Bibi Katubuka
Muache! Ile kadi ni ya kawaida, binti yangu naye aliipata. Dada, mume ulimfanyaje?

Wa Ujiji Halisi
Nilikwenda, nikasoma, nikarudi. Shemeji yenu yupo hapa pembeni anasoma. Anasema nimesahau kuandika kwamba tiketi ya basi alikata yeye, kabla marafiki zake wa kijiweni hawajamjaza maneno kwamba wanaokwenda hawarudi. Haya, nimeandika.

Reli ya Kati
Shem acha dagaa wa watu 😂

Ya Nyarugusu
Samahani kuingia kati. Mimi ni Mkongo, nimesomea kambini Nyarugusu, na shule zetu kule zinafuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kiingereza ni lugha yangu ya nne. Kwenye TOEFL kuongea kulinisumbua kwa sababu unaongea na kompyuta, hakuna uso wa kuangalia, sekunde zinahesabu kwenye skrini na wenzako chumba kizima wanapayuka. Nilizoea kwa kujirekodi kwenye simu na kujisikiliza. Inachukiza ila inasaidia.

Mzee wa Cheyo
Karibu sana ndugu. Sasa turudi kwenye mada, mpwa wangu yuko njiani anausoma uzi huu, mpeni ya mwisho mwisho.

Bibi Katubuka
Asikilize BBC kutwa.

Ticha Sikonge
Asisikilize kitu leo, alale. Kuandika ndiko kunakoangusha watu wetu. Kazi ya kwanza maneno 150, anaeleza mchoro tu, maoni yake abaki nayo. Kazi ya pili maneno 250 na uzito wake ni mara mbili, ya kwanza isile dakika zake. Asikariri insha, wanajua.

Kitete Finest
Akariri chache za akiba bwana, ticha anamtisha.

Milambo Old Boy
Kwenye kusoma, majibu ya "si kweli" na "haijatajwa" ni vitu viwili. Kama habari inapinga, si kweli. Kama iko kimya, haijatajwa, hata kama wewe unajua jibu tangu darasa la tano.

Gungu Juu
Kuongea asiige pua za Wamarekani. Lafudhi haikatwi alama mradi unaeleweka.

Mtoto wa Kibondo
Na wastani wa 6.25 unapandishwa kuwa 6.5. Ila aangalie chuo chake kinataka nini kila sehemu, wastani mzuri hauokoi kuandika kwa 5.

Nzega Dhahabu
Asile dagaa kabla.

Mwana Urambo
Nimechelewa. Mimi naanza mwaka huu, nina vitabu vyote ila sina wa kuongea naye. Kuna mtu Urambo mjini?

Reli ya Kati
Nipo, karibu na stesheni. Jioni baada ya saa kumi. Chai unanunua wewe.

Mwana Urambo
Ya rangi au ya maziwa kama ya dada wa Ujiji?